Dada Yako Ameacha Shule

Nyumbani kwa fundi mwashi,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, mwisho wa wiki ya pili.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi shemeji yako mkubwa, fundi wa mafundi. Habari za huko ulipo? Habari za kazi, na mama watoto, na watoto wenyewe? Yule kifungua mimba wako kikohozi kimemwacha? Na wewe mgongo unasemaje? Nakumbuka safari ile ulipokuja ulikuwa unainuka kitini kama mzee, nami niliye mzee nikakushika mkono. Usikasirike, ni utani wa shemeji.

Sisi huku hatujambo, yaani mwili haujambo. Goti langu la kushoto bado lina kiburi, linakataa ngazi, lakini nalipeleka linakotaka na lisikotaka. Dada yako ni mzima. Anakula, analala, anashona. Nimelisema hili mapema ili usishtuke kwa yanayofuata.

Kwanza tazama mwandiko. Barua zote ulizopata kwangu miaka hiyo yote aliziandika muuza dawa wa pale kwenye kona, mimi nasema yeye anaandika, na nilikuwa najua ananipunguzia maneno kwa sababu alitaka kufunga duka. Hii naandika mwenyewe, kwa mkono huu huu uliojenga nusu ya mtaa. Ukiona mstari umepanda mlima ujue ni meza imekaa vibaya. Muuza dawa aliponiona nanunua karatasi akaniuliza nani kafa. Nikamwambia umekufa wewe, kwa upande wa kazi yangu.

Basi shemeji, kilichonikalisha hapa mezani ni dada yako. Ameacha shule.

Najua utacheka kwanza, useme bibi mzima wa wajukuu anaacha shule gani. Nilikuambia mwaka jana kwamba wamefungua darasa la watu wazima, jioni, kwenye ile shule ya msingi. Chumba chenyewe nilikijenga mimi. Ukuta wa upande wa ubao ni wangu, hauna ufa mpaka leo, na wale waliojenga upande wa pili sitaki kuwataja, ukienda utaona mwenyewe. Dada yako ndiye aliyetaka kwenda. Mimi nilimfuata ili asiende peke yake, na pia nilitaka kuona wanautunza vipi ukuta.

Sababu yake ya kwenda ni wewe. Barua zako zikija mimi ndiye nasoma, kwa kule kujua kwangu kidogo kwa zamani, nikikwama tunampelekea muuza dawa. Siku moja nimemaliza kumsomea, akaichukua ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Maneno ya kaka yangu nimeyala yote kwa kijiko chako." Hakusema kwa ubaya. Lakini kesho yake alikwenda kujiandikisha. Wewe unajua zaidi yangu, wewe ulisoma kwa cherehani yake. Alikushonea mpaka sare. Yeye mwenyewe alikuwa anakusindikiza mpaka mlangoni pa shule na kurudi.

Darasani mimi, nisijisifu, nilipaa. Ubao uliandikwa, nikasoma. Mwalimu wetu ni binti mdogo tu, mwembamba kama fito, ananiita babu. Nimemwambia mimi ni babu wa wajukuu wangu, hapa ni mwanafunzi, aniite Fundi. Bado ananiita babu.

Dada yako nilikaa naye dawati moja. Tulikuwa tunaimba wote, ba, be, bi, na yeye ana sikio, unamjua, akisikia kitu mara moja amekishika. Kwa hiyo kwenye kuimba alikuwa mbele ya watu wote. Mwalimu akimwonyesha neno peke yake, mimi namnong'oneza. Nani asingefanya hivyo? Mume ni stara ya mke. Nilikuwa namwambia kwa pembe ya mdomo, anajibu, mwalimu anafurahi, tunarudi nyumbani na heshima yetu. Muhula wa kwanza wote mwalimu alikuwa anamsifia.

Siku siri ilipotoka nilikuwa nimekwenda msalani, haya niliambiwa baadaye. Mwalimu akamwonyesha neno la katikati ya ubao, dada yako akajibu neno lingine, akaonyeshwa jingine, akajibu lile lile. Muuza nyama, mwanafunzi mwenzetu, akasema, "Mama leo umeme wako umekatika, mtambo umetoka nje." Darasa likacheka. Nilirudi nikakuta wamenyamaza, na dada yako anafuta dawati kwa kanga yake, dawati ambalo halikuwa na vumbi.

Jioni ile walibaki wawili, yeye na mwalimu. Mimi nikangoja nje, karibu na dirisha. Ndipo alipomwambia, tena mwalimu, si mimi niliyelala naye chumba kimoja miaka yote hii, kwamba herufi kwake hazitulii. Zikiwa ubaoni zinatembea kama siafu waliokanyagwa. Na kwamba zilikuwa hivyo tangu utoto, ndiyo maana hakusoma. Nyumbani kwenu walisema ni uvivu. Je, wewe ulijua? Mimi sikujua. Nilidhani cherehani ilimtosha.

Basi mwalimu akapindua darasa lote. Mlinzi wa kiwanda, ambaye akikaa tu usingizi unamchukua kwa sababu ya kazi yake, akaruhusiwa kusoma amesimama dirishani. Muuza nyama sikio lake moja limekufa, akawekwa mbele upande wa sikio zima, na akawa anasoma maneno ya kazi yake, paja, mbavu, maini. Mimi nikapewa gazeti, maana niliwazidi, nikahamishiwa ukuta wa pili pamoja na wepesi wenzangu. Ndiyo, ule ukuta wa wale mafundi wengine.

Na dada yako akapewa kitambaa. Mwalimu alimchorea herufi kubwa, na yeye mwenyewe akazishona juu ya kitambaa kigumu kwa uzi mnene, zikainuka. Akawa anafumba macho anazipapasa kwa kidole, moja moja, anasema sauti yake. Mke wangu, shemeji, mtu mzima anayeheshimiwa, amefumba macho anapapasa nguo mbele ya watu, kama mtoto wa chekechea.

Nilisema. Unanijua, kitu kikinikaa kooni hakishuki. Nikasimama nikasema kwamba mimi nimetumia timazi moja maisha yangu yote, ukuta wa tajiri na ukuta wa maskini, uzi ule ule na jiwe lile lile linaning'inia. Sasa chumba kimoja, huyu amesimama, huyu kafumba macho, huyu anasoma maini, hilo ni darasa au ni soko? Mwalimu akanijibu kwa adabu kwamba yeye anataka wote wafike, hakusema wote wapite mlango mmoja. Nikamwambia mlango wa chumba hiki niliuweka mimi, na ni mmoja. Watu walicheka mpaka mlinzi akaangusha daftari lake nje ya dirisha. Hata mwalimu alicheka, ana moyo mzuri, sisemi uongo.

Njiani nikamuuliza dada yako kama alinisikia nilivyomjibu. Akasema hakusikia vizuri, alikuwa anasoma.

Na kweli alikuwa anasoma. Hili nakuambia wewe tu. Nilianza kumkuta nyumbani mchana, mguu umesimama kwenye cherehani, mkono mmoja ndani ya kikapu anamoweka vitambaa vyake vya herufi, macho yamefumba, midomo inacheza. Uso wake ulikuwa uso ambao sijauona tangu akiwa msichana. Nikipita anatoa mkono haraka kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari. Nami nikawa napita kwa kukohoa mbali, ili ajue ninakuja.

Sasa ikaja siku ya wageni. Mkaguzi wa elimu alikuja na watu wake wawili kuona darasa. Mwalimu alisema kila mmoja atunge sentensi yake mwenyewe na kuisoma. Mimi sentensi moja niliiona haba, nikasoma habari ya gazeti, ndefu, bila kusimama, mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Muuza nyama akasoma nyama zake. Ikafika zamu ya dada yako.

Sentensi yake aliishona wiki nzima na hakuniambia ni nini. Akasimama, akakitandaza kitambaa mezani, akafumba macho. Akaanza. Shemeji, alikuwa anasoma taratibu sana. Neno, kimya. Neno, kimya. Akasema, "Kaka yangu." Akasema, "yuko mbali." Nikajua ni wewe. Akasema, "lakini." Halafu akanyamaza.

Akanyamaza kabisa. Kidole kimekaa juu ya neno la mwisho, hakiendi. Mkaguzi akaangalia saa. Mmoja wa wale wageni akakuna sikio. Muuza nyama akageuza kichwa kutafuta kama ni sikio lake ndilo halisikii. Mimi niko kule ukuta wa pili, mbali naye, siwezi kunong'ona. Na kitambaa nakiona, herufi kubwa zile hata kipofu angeziona. Nifanye nini? Nimwache mke wangu asimame pale achekwe mara ya pili?

Nikalisema mimi. Nikasema, "Mzima." Unaijua sauti yangu, nimeita vibarua kutoka juu ya ghorofa. Chumba kizima kilisikia. Wageni wakapiga makofi. Mkaguzi akasema yule mzee hodari, na nikasimama kidogo ili wanione vizuri. Nilipogeuka nimtafute dada yako, alikuwa amekikunja kile kitambaa mara nne, vizuri, kama anavyokunja nguo ya mteja, ameshika mlango anatoka.

Tangu siku ile hajarudi darasani.

Nyumbani hakuna ugomvi, ndiyo shida yenyewe. Angegomba ningegomba, tungemaliza. Chakula kipo, maji ya kuoga yapo, asubuhi anaitika. Lakini nikianza kuongea habari ya darasa anakanyaga cherehani. Nikinyamaza anaacha. Nikianza tena anakanyaga. Juzi nilijaribu kuongea kwa sauti kubwa zaidi ya cherehani, jirani akaja kuuliza kama tumefiwa. Mtaa huu wote wanatamani niwe na msiba.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Dada yako akamkaribisha vizuri, akampa kiti chenye mto, akamwambia, "Mwanangu, nimesoma kiasi changu, kinatosha." Mwalimu akamwambia kwamba darasa linafanya mtihani mwisho wa mwezi, asiyekuwepo ataanza upya mwakani. Akajibu kwamba kwa umri wake hakuna kuanza upya. Mwalimu akanitazama mimi. Nimetazamwa na watu wengi, shemeji, lakini ule mtazamo naujua, ndivyo watu wanavyotazama ufa.

Alipoondoka nikamuuliza dada yako kosa langu liko wapi. Nimekusitiri, nikamwambia. Ulikwama, nikakutoa. Safari hii hakukanyaga. Mguu ulikuwa juu ya kikanyagio lakini haukushuka. Akasema, "Nani alikuambia nilikwama?"

Nikamwambia ulinyamaza.

Akasema, "Nilikuwa nimeshalijua. Nilikuwa nimelishika kidogo kabla sijalitoa. Lilikuwa neno langu la kwanza kulimaliza mwenyewe, nawe ukalichukua."

Kisha akakanyaga, na akashona mpaka giza.

Sasa shemeji, nakuuliza wewe uliyesoma. Mimi ningejuaje? Kazini kwetu mtu akinyamaza juu ya kiunzi ujue amekwama au anataka kuanguka, unamkimbilia. Hakuna mtu anayesimama na tofali mkononi analifurahia. Nimelizungusha jambo hili kichwani na bado nasema nilitaka heri. Na nikisema hivyo peke yangu, naona halijanishibisha.

Nikaenda darasani bila yeye. Kwenye dawati letu la zamani hakukaa mtu. Gazeti likanishinda siku ile, si kwa kutojua, ni macho yalikuwa mahali pengine. Wenzangu hawakunitania, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Muuza nyama asiponitania ujue mambo yameharibika.

Siku nyingine dada yako alikwenda kununua uzi. Nikakishusha kile kikapu kutoka juu ya kabati alikokiweka. Nikakaa kwenye stuli yake, nikafumba macho, nikaingiza mkono. Nilitaka kuona ni kitu gani hicho cha kumfanya mtu awe na uso ule. Nikapapasa. Shemeji, sikuona kitu. Simenti imekula ngozi ya vidole vyangu tangu ujana, vimekuwa kama ukuta wa nje. Uzi nausikia upo, lakini ni herufi gani, sijui. Nikageuza, nikabonyeza, nikajaribu kidole kidogo, nikajaribu mkono wa kushoto. Mimi ninayesoma gazeti bila kusimama, herufi moja tu imenilaza chali. Na yeye anakaa na maneno mazima humo gizani, anatembea nayo. Nikakirudisha kikapu juu kabla hajaja. Usimwambie mtu, hasa mwalimu, atafurahi.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mimi siwezi kumrudisha. Kila neno langu linampa sababu ya kukanyaga. Mwandikie wewe. Usipige simu, ukipiga atasema hajambo nawe utaamini. Mwandikie yeye, si mimi, jina lake juu ya bahasha.

Lakini usimwandikie kwa kalamu, siafu watatembea. Shona. Tafuta kitambaa kigumu na uzi mnene, herufi kubwa, uziachanishe. Najua hujawahi kushika sindano, utajichoma, na mama watoto atakucheka, na usikubali akushonee, dada yako atajua mkono si wako. Ukishona vibaya atajua kwamba ni vibaya na atafurahi zaidi, maana mafundi ndivyo tulivyo. Maneno machache tu. Usimwambie kwamba nimekuomba. Usimsihi arudi darasani pia, hapendi kusukumwa, msukume dada yako uone mlima umekaa. Mwambie kitu chochote cha kwenu, cha utotoni, nisichokijua mimi.

Na fanya haraka, mwezi unakimbia.

Nisalimie mama watoto, mwambie ile sufuria yake tuliyoazima bado ni nzima. Nisalimie kifungua mimba na mdogo wake, waambie babu mwashi anajua kuandika sasa, wajihadhari. Nisalimie na mjomba wenu kama bado yupo upande huo, na kama bado ana ule usemi wake kwamba mimi ni mbishi, mwambie si kweli na simkubalii. Dada yako hajakutumia salamu kwa kuwa hajui naandika. Yuko chumba cha pili, namsikia anashona.

Mungu akupe afya wewe na nyumba yako, akuongezee riziki, na akulindie mikono na hiyo sindano.

Kifurushi kikifika sitakifungua. Nitamwekea juu ya cherehani, nitatoka, nitakwenda kukaa kwa muuza nyama mpaka dada yako atume mtu kuniita, hata kama ni jioni, hata kama hataita. Sijui kama atakifungua. Huenda akakipandisha juu ya kabati pamoja na kile kikapu, na hapo nitakuwa sina la kufanya tena. Lakini akikifungua, akikaa nacho, akinyamaza kiasi anachotaka, hakuna mdomo utakaomwingilia. Kwa hiyo ukitaka kunisema humo ndani, niseme tu. Nimelistahili au sijalistahili, tutabishana ukija. Mimi sitasoma.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda ingawa sikuambiagi,
Fundi